Mtego Ulionasa Majirani

Mama yangu hakuhitaji simu. Akisimama juu ya njia inayoshuka bondeni, pale kwetu Nyaishozi, akaweka kiganja kando ya mdomo na kuita, mtu wa ng'ambo ya bonde aliacha jembe na kuitika. Aliita watu kwenye misiba. Aliita watoto wa wenzake waliochelewa kurudisha mbuzi. Aliwaita hata wale aliogombana nao jana yake, maana ugomvi haukatazi mtu kuambiwa kwamba ng'ombe wake yuko kwenye maharage ya watu. Sisi wanawe tulikuwa tunaona aibu. Nikiwa msichana aliniita hivyo nikiwa kisimani, jina langu likapita juu ya vibanja vyote vya migomba, na vijana waliokuwa barabarani wakabana sauti zao za kiume wakaniitikia, "Abeee!" Nilinuna mpaka uji ukanipoa mbele yangu.

Sauti ile ikaja kuisha. Kwanza mama aliacha kuita ng'ambo, akawa anaita jirani wa karibu tu. Baadaye hata huyo akawa hamfikii, akaanza kupiga dumu tupu kwa kijiti. Ukisikia dumu, ujue bibi yule anahitaji mtu. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi, na akipanda kutoka bondeni alisimama kwenye kona ya mlima anajifanya anaangalia migomba ya watu. Migomba gani hiyo ya kuangaliwa kila siku? Alikuwa anatafuta pumzi.

Mama ni mkulima wa kabichi. Lile bonde lilikuwa mafunjo na ruba alipoachwa mjane, akalifyeka mwenyewe, akachimba mifereji mwenyewe, na kabichi ndizo zilizotusomesha. Lakini kabichi ina maadui. Kuna nondo mdogo wa kijivu, ukimwona huwezi kudhani ana ubaya wowote, anataga mayai chini ya jani, na baada ya hapo viwavi wa kijani wanatoboa kabichi mpaka inabaki wavu. Kwa hiyo mama alipiga dawa. Alibeba bomba mgongoni msimu baada ya msimu, ncha ya kanga imefunika mdomo, na upepo wa bondeni ukimrudishia ile dawa usoni. Tuliiona kawaida. Kila mtu alifanya hivyo.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani, akasema mkulima. Unapiga dawa? Napiga. Unajifunika na nini? Mama akamwonyesha ncha ya kanga. Yule daktari, kijana mdogo tu, alivua miwani akaifuta polepole, kisha akasema, "Mama, lile bomba liweke chini. Usilibebe tena. Kifua hiki kimechoka."

Kaka yangu wa Bukoba, mtu mwema lakini mwepesi sana wa kuamua mambo ya wengine, akapiga simu siku hiyo hiyo. Bonde likodishwe. Mama akae nyumbani apumzike. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Nikae nyumbani nifanye nini?" akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Niangalie kuku wanavyotaga?"

Basi shauri lilikuwa hilo. Ama kabichi zipone bila dawa, ama mama aache bonde, ama arudie bomba. Na mimi nilimjua mama yangu. Kuacha bonde hakukuwamo. Kwa hiyo kama kabichi zingeliwa, angerudia bomba, na bomba lingemmaliza. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kumzika mama yangu kwa sababu ya kabichi.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Kayanga, karibu na stendi. Siku moja bibi shamba alileta gauni lake nilipanue kiunoni, na wakati napima nikaanza kumlilia shida yangu. Fundi akishakushika kiuno hamfichani mambo. Akaniuliza kama mama anapanda figiri. Nikamwambia figiri ni mboga ya kila mtu, nani asiyeipanda?

"Sasa aipande kuzunguka kabichi," akasema. "Yule nondo anapenda figiri kuliko kabichi. Mwache akatage huko. Wewe mgeni mlafi ukitaka asiingie jikoni, si unamtengea sahani barazani?"

Akanieleza kwamba huko Ulaya wanalima ndugu yake figiri kwa ajili ya kukamua mafuta, mashamba ya maua ya njano hadi macho yanachoka, na wao pia wanaliwa na wadudu. Nao wanapanda mimea mingine katikati na pembeni ili wadudu wapotee au wavutwe kando. Nilipomsimulia mama, hicho ndicho kilichomfurahisha kuliko yote.

"Kumbe hata Wazungu wanaliwa!" akasema. Akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Tukapanda figiri kwanza, mistari miwili kuzunguka shamba zima. Ilipotoa majani ya kueleweka, ndipo tukahamisha miche ya kabichi katikati, na baina ya mistari ya kabichi tukachomeka vitunguu ili harufu yake imchanganye nondo. Bomba nililitundika mwenyewe kwenye msumari wa stoo, juu kabisa.

Na jamani, ilifanya kazi. Jumamosi moja niliteremka bondeni na mama, akageuza jani la figiri: viwavi wamejazana. Akageuza la kabichi: safi, linang'aa. Akageuza jingine. Safi.

"Waitu!" akasema, kama tunavyosema kwetu mtu akizidiwa na furaha. "Wana akili ya kula, lakini ya kushtuka hawana."

Nilirudi Kayanga nikiwa mwepesi. Nikampunguzia bibi shamba bei ya gauni, jambo ambalo si desturi yangu.

Kumbe hatukuwa tumefikiria kiangazi. Mvua zilipokoma, mlimani majani ya maharage yakakauka, majani ya maboga yakanyauka, na kitu cha kijani kikabaki bondeni peke yake. Na katika bonde lile, figiri nzuri kuliko zote ilikuwa ya mama, mistari miwili, imemwagiliwa maji, imenawiri. Hapo ndipo lilipoonekana kosa letu, na nadhani ni kosa ambalo Mzungu wa maua ya njano hawezi kulifanya. Yeye mtego wake hauliwi na jirani. Sisi tuliweka mtego wa mboga mahali ambapo mboga hainyimwi.

Lazima nieleze hili vizuri. Kwetu unaweza kumnyima mtu jembe, ukasema limevunjika mpini. Unaweza kumnyima mkopo, na hata binti yako. Lakini mtu akisimama pembeni ya shamba lako akasema "naomba mboga", mboga ya majani, humnyimi. Ukimnyima, habari zitafika kanisani kabla yako. Na mama yangu alikuwa na mkono wazi kuliko wote. Mtu akiomba majani ya kiganja kimoja, yeye anamfungia ya kupikia msiba.

Wakaja. Kwanza alikuja jirani yetu wa ng'ambo, mama mwenye watoto wengi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye anaishi kwa vibarua kwenye mashamba ya watu. Halafu wakaja wengine. Wanachagua majani mazuri, yale yenye viwavi wanayaacha au wanakung'uta viwavi chini, kisha wanashukuru, wanaenda zao. Mama hakusema neno. Nikipiga simu kutoka Kayanga kuuliza figiri, ananijibu, "Hawajambo," kama mtu anayeulizwa habari za wajukuu. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Mama yangu huwa hajibu kwa kifupi.

Jumamosi nilishuka kwenye bodaboda, nikaingia uani, nikapiga hodi. Kimya. Nikaenda stoo kuweka mzigo. Msumari ulikuwa mtupu.

Nilishuka ule mlima sijui vipi. Najua tu kwamba kiatu kimoja nilikikuta baadaye kwenye mgomba. Nilipofika bondeni, figiri yote ilikuwa vijiti vitupu, mistari yote miwili, na kabichi zilizokuwa upande wa mfereji zilikuwa zimeshatobolewa. Wageni wamekuta sahani barazani imeliwa, wakaingia jikoni. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba, bomba limesimama mbele yake. Alikuwa amelijaza maji. Kuliinua hakuweza. Chupa ya dawa ilikuwa kwenye pindo la kanga, bado haijafunguliwa.

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Nilikuwa napumzika kwanza."

"Upumzike ndipo ujiue?"

Akaniangalia. Nilimnyang'anya ile chupa kama mtu anavyomnyang'anya mtoto wembe, nikayamwaga yale maji kwenye kabichi, na mdomo wangu ukafunguka. Nikasema nitazungushia shamba miiba. Nikasema nitaweka mbwa. Nikasema watu wa bonde hili wana roho ngumu, wanamwona mtu anapiga mluzi kwa kifua na bado wanamchumia mtego wake mbele ya macho yake.

"Miiba itamzuia nani?" mama akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, ilinibidi niiname kuisikia. "Mimi nilipokuwa nafyeka mafunjo haya sina kitu, nilikula mboga za nani?"

Sasa sikiliza bahati. Wakati huo huo yule jirani wa ng'ambo akatokea kwenye kijinjia na kikapu chake.

"Shikamoo Bibi," akamwamkia mama. "Habari za Kayanga, dada? Nimekuja kuomba mboga."

"Mboga gani?" nikasema. "Unaona mboga hapo? Mmeimaliza! Vile vijiti ndivyo mboga yenu, chukua kavipike!"

Akasimama na kikapu chake. Alitazama vijiti, akatazama viwavi wachache waliokuwa wanatambaa juu yake, na akasema jambo ambalo sijalisahau. Hakulisema kwa hasira, alilisema kwa kushangaa kweli.

"Mbona hawa mnawaacha? Wadudu wale, watoto wangu wasile?"

Mama akacheka. Alicheka kweli, kile kicheko chake cha zamani, lakini kikamkaba katikati, akaanza kukohoa, kifua kikapiga mluzi, midomo ikabadilika rangi. Jirani alitupa kikapu kabla mimi sijajongea. Akapiga magoti nyuma yake, akamwegemeza kifuani pake, akawa anamsugua mgongo huku anasema, "Taratibu Bibi, taratibu, vuta kidogo kidogo." Mimi nimesimama tu na chupa ya dawa mkononi. Pumzi ilirudi, lakini ilichukua muda wake.

Ndipo mama akamweleza. Bomba, daktari, nondo, figiri, yote, kwa vipande vipande. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, machozi yanamlengalenga.

"Kumbe ile mboga ilikuwa inakukinga wewe? Sasa Bibi, kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" mama akasema. "Nikisema figiri ina kazi yake, si nimekunyima? Nimekunyima kwa maneno marefu, basi."

Nimefikiria sana jibu hilo nikiwa kwenye cherehani. Mama yangu alikuwa tayari kubeba bomba, na kufa, kuliko kusikika ananyima mboga. Lilinikera. Bado linanikera. Lakini ndiye huyo, na kama angekuwa mwingine, lile bonde lisingekuwa na mtu wa kumshika mgongo siku ile.

Jioni hiyo, tukiwa tunamenya ndizi, mama akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa nimewapa siku nyingi mno."

Mpango wake ulikuwa huu. Tupande figiri upya, sehemu mbili. Ya kuzunguka kabichi ni ya wadudu. Nyingine, tuta pana kando ya njia, ni ya watu. Anayekuja kuomba mboga haombwi kitu, hanyimwi kitu, ila aanze kwa kuzunguka ile ya wadudu, achume majani yaliyojaa viwavi na kuyatia kwenye ndoo, awapelekee kuku wake. Akimaliza, achume ya watu kadiri ya sufuria yake. Nikasema watu hawatakubali. Mama akasema, "Wewe shona nguo."

Wakati figiri mpya inaota, jirani alikuja na wanawe asubuhi, wakawa wanatoa viwavi kwenye kabichi kwa vidole. Zile za upande wa mfereji hazikupona, tukawapa mbuzi. Za katikati zilishika.

Yule jirani ndiye aliyetangaza habari kwa watu, na aliitangaza vizuri. Lakini habari za kwetu zinatoka nyumbani zikiwa nzima, zinafika senta zimevunjika mguu. "Figiri inakinga kifua cha Bibi" ikawa "figiri ya Bibi inatibu kifua". Hee! Wakaanza kuja watu wenye vikohozi. Kuna mzee mmoja alitoka mbali, upande wa Songambele kule Kyerwa, amepanda gari mpaka kwetu na leso yake mkononi, anataka dawa. Nilitaka kumweleza ukweli, mama akanikata jicho. Akampa ndoo. Mzee akazunguka shamba zima anachuma majani yenye viwavi, anadhani ndiyo masharti ya mganga. Alipomaliza mama akamfungia figiri nzuri ya kula, akamwambia aende hospitali, na kama anapiga dawa ya shambani aache. Mzee akasema yeye hupiga, miaka yote, na kanga ya mkewe mdomoni. Wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

Kabichi zilikomaa. Mfanyabiashara alikuja kutoka Kayanga na gari lake, akainua moja, akalivuta jani la nje, akakunja uso.

"Mama, hii ina matundu."

"Ina matundu," mama akakubali. "Mdudu amekula na hajafa. Wewe unaogopa nini?"

Yule bwana alijikuna kichwa, akazipakia.

Nilibaki bondeni peke yangu kufunga zilizobaki kwa ajili ya nyumbani, mama akatangulia kupanda mlima. Nilikuwa nimeinama, nafunga kamba, na sikio langu lilikuwa mlimani, kwa mazoea, likingoja kusikia nyayo zake zikisimama kwenye kona ile ya kuangalia migomba. Zikasimama. Nikainuka kumtafuta kwa macho, sikumwona, migomba ilikuwa imemficha, na nikasubiri nisikie dumu.

Nilichosikia ni jina langu.

Lilitoka juu, limekwaruza, likakatika katikati kama uzi mbovu, likaunganika tena, likapita juu ya vibanja vyote hadi ng'ambo. Na baada yake: "Usisahau mboga ya jiraniii!"

Nilifungua mdomo niitike, haikutoka sauti. Nikakaa chini juu ya kabichi, mtu mzima mimi, nikalia. Barabarani walikuwapo vijana wa bodaboda wanangoja abiria. Waliposikia hakuna anayejibu, wakabana sauti zao, wakamwitikia mama kwa niaba yangu.

"Abeee!"

Mungu awabariki vijana wale.